Nijenge ipi: World Cruiser ya 1924, Vimy ya 1919 au Gipsy Moth?

Tairi_Laini
Wakuu, habari za leo. Oda ya balsa (mbao nyepesi) inafungwa Ijumaa na bado sijaamua. Ninazo ramani tatu za kujenga ndege za mfano: Douglas World Cruiser, ya Wamarekani waliozunguka dunia 1924, kwa 1:10, Vickers Vimy ya ndugu Ross na Keith Smith kwa 1:14, na de Havilland Gipsy Moth kwa 1:6. Zote mabawa yanatoka kama mita moja na nusu. Ipi bora?

Kitovu
Bora kwa kazi gani? Hujasema kama itaruka au itaning'inizwa darini. Hujasema inapaa wapi: lami, nyasi au maji. Hujasema mfuko una kiasi gani. Na hiyo balsa unaagiza ya unene upi wakati hujui unajenga nini?

fundi_balsa
Mwache apumue, ndugu. Ila vipimo alivyoshika vina jambo zuri, sijui kalipigia hesabu au kabahatisha. Cruiser halisi ilikuwa na eneo la mabawa la mita za mraba 65.7, kwa 1:10 unapata desimita za mraba 66 hivi. Moth 22.6, gawanya kwa 36, inakuja 63. Vimy 123 na ushee, gawanya kwa 196, ni 63 tena. Maana yake zote tatu zina uwezo uleule wa kubeba, kinachotofautiana ni waya, pua na idadi ya mota. Ukimaliza na kilo 2.5 pamoja na betri, mzigo ni gramu 38 hadi 40 kwa desimita ya mraba, inatua kama njiwa. Ukifika kilo 3.5 ni gramu 55, hapo kila kutua ni maombi.

Pangaboi_13
Gipsy Moth, mada ifungwe. Nguzo za mabawa ni jozi moja tu kila upande, eleroni (vibawa vya kuinamisha ndege) ziko bawa la chini peke yake, kwa hiyo sevo (vimota vya kuzisogeza) mbili zinatosha na hakuna vijiti vya kuunganisha juu na chini. Mabawa yanakunjwa kurudi nyuma kama ndege halisi, inaingia nyuma ya probox. Tena ni ya nyumbani: Wilson Airways ilipoanza Nairobi mwaka 1929 ilianza na Gipsy Moth.

Kitovu
Umesahau kumwambia kuhusu pua. Injini yake, Gipsy ya farasi 100, ilikuwa silinda nne zimesimama wima, chuma kizito mbele kabisa. Wewe unaweka mota ya gramu 150 pale pale. Mkia ukitoka mzito kidogo tu utaongeza madini ya risasi gramu 200 puani, na zile gramu zote ulizookoa kwenye balsa zimerudi. Dawa ni mbili: sevo za mkia zikae karibu na viti, siyo nyuma; na betri itelezwe chini ya mota mpaka iguse ubao wa moto, ule unaoshikilia mota. Kitovu cha uzito kianzie asilimia 27 ya upana wa wastani wa mabawa mawili, uuchukue kwa kuzingatia kuwa la juu limetangulia kidogo. Wengi hupima kwenye bawa la chini tu, na hapo ndipo ndege hupaa ikisimama wima na kulala ubavu.

Waya_Mkali
Vimy hamuizungumzii kabisa? Novemba 12 mpaka Desemba 10, 1919, Uingereza hadi Australia. Mkia wa tabaka mbili na usukani mbili, injini mbili za Rolls-Royce Eagle za farasi 360 katikati ya mabawa. Ikipita chini watu wanaacha soda mezani.

fundi_balsa
Inapendeza mpaka mota moja izime. Hiyo siyo nadharia: Vimy Commercial (ya abiria) iliyokuwa ikielekea Cape, Afrika Kusini, ilivunjikia Tabora Februari 1920, injini ya kulia ilipokosa nguvu ikipaa. Kwenye mfano ukitumia kidhibiti cha mwendo kimoja kwa kila mota, hakikisha vyote viwili vimefundishwa mwanzo na mwisho wa rimoti kwa pamoja, la sivyo moja inawahi kuamka. Pia waya. Ukiweka za kweli, kaza zote kwa mvuto uleule. Uzi wa kusokota wa kushonea ngozi unatosha kwa sura.

Jua_la_Tabora
Tabora? Kumbe tulikuwepo! Hiyo Vimy ndiyo aijenge.

fundi_balsa
Siyo ramani hiyo. Commercial ilikuwa na kiwiliwili cha duara, kama pipa la abiria. Ya ndugu Smith ni nyembamba ya kijeshi. Mabawa yanafanana, tumbo hapana.

Jua_la_Tabora
Na wale Waafrika Kusini waliofika Cape?

Waya_Mkali
Van Ryneveld na Brand. Vimy ya kwanza, Silver Queen, waliivunja Korosko, Misri, baada ya rejeta kuvuja. Ya pili ikaishia Bulawayo. Wakafika kwa ndege nyingine, DH.9. Tuendelee.

Tairi_Laini
Samahani, nilikuwa kazini. Ni ya kuruka. Klabu ya shule, Eldoret. Uwanja wa nyasi, na kuna bwawa karibu, ndiyo maana Cruiser inanivutia, kwamba naweza kubadilisha magurudumu na maboya.

Kitovu
ELDORET! Hilo ndilo la kutaja kwanza, mkuu. Mita 2,100 juu ya bahari hewa ni pungufu karibu asilimia 19. Spidi ya chini ya kubaki angani inapanda kama asilimia 11, na pangaboi nayo inasukuma hewa nyepesi. Pangaboi iliyoandikwa inchi 13 kwa 6 (kipenyo kwa hatua ya mzunguko mmoja) kwenye ramani, wewe jaribu 14 kwa 7, kisha pima mkondo kwa kipima ampea kabla ya kupaa. Betri ya seli tatu ikivuta ampea 36 ni wati 400 hivi. Hiyo inatosha kilo 2.5. Ikizidi kiwango cha kidhibiti, shusha.

Boya_la_Kushoto
Kuhusu maboya, sikilizeni. Kuna Cruiser ya 1:10 ya kikundi fulani iliyokufa kwa makosa matatu yaliyofuatana. Kwanza, maboya yalikuwa mafupi, ncha ziliishia usawa wa pangaboi. Zinatakiwa zitangulie pangaboi, na urefu wa boya uwe karibu robo tatu ya kiwiliwili au zaidi. Pili, ile ngazi ya chini ya boya iliwekwa sentimita sita nyuma ya kitovu cha uzito. Ikae sentimita moja au moja na nusu tu nyuma yake. Ikienda mbali zaidi pua haiinuki, ndege inakimbia juu ya maji bila kupaa. Wakalazimisha kwa kuvuta mkia mpaka mwisho. Tatu, mshono wa plaiwudi ulipakwa gundi nyeupe ya maji. Jaribio la tatu boya la kushoto lilikuwa na maji karibu robo lita ndani. Ikapaa hatimaye, ikainamia kushoto, bawa la chini likagusa, ikapinduka. Mota ikanywa maji. Fanyeni boya kwa povu gumu, lifunikwe kitambaa cha glasi cha gramu 25 na epoksi, na kila boya liwe na tundu dogo la kizibo nyuma la kumwagia maji.

Waya_Mkali
Kama Boston, Cruiser namba 3, basi. Shinikizo la oili likaisha kati ya visiwa vya Orkney na Iceland, Agosti 3, 1924, wakatua salama kwenye mawimbi, ikapinduka ikivutwa na meli.

Pangaboi_13
Halafu mnaita hiyo ni kuzunguka dunia. Spea zilizotawanywa njiani: injini 15 za Liberty, seti 14 za maboya. Siku 175, angani saa 371 tu. Na hawakuvuka ikweta. Kuzunguka kwa kweli ni Southern Cross, 1930.

Waya_Mkali
Southern Cross ni Fokker ya bawa moja. Mada ni ya mabawa mawili. Na spea ndizo zilizowafikisha. MacLaren, Mwingereza aliyejaribu kuzunguka mwaka huohuo na Vulture yake ya Vickers, aliivunja Akyab, Burma, akaletewa nyingine na manowari ya Wamarekani, bado akaishia kwenye ukungu visiwa vya Komandorski. Yeye alizunguka nini?

Jua_la_Tabora
Cruiser zilipita Ghuba pia: Chahbar, Bandar Abbas, Bushehr. Zilikuwa na magurudumu huko?

Boya_la_Kushoto
Magurudumu, ndiyo. Maboya walivua Calcutta, wakarudishiwa Brough, karibu na Hull. Hii inagusa rangi pia, mkuu. Namba 2 ni Chicago, 4 New Orleans. Hizo ziko sahihi kwa vyote viwili. Namba 1, Seattle, ilianguka Alaska, kwa hiyo magurudumu yake ni ya kutoka Santa Monica kwenda Seattle tu. Ukiandika 1 ukaweka magurudumu, kuna mtu atakuja kukuuliza.

Pangaboi_13
Huyo mtu ni wewe.

fundi_balsa
Kabla ya rangi: kitambaa cha kubana kwa pasi kisivutwe kwa joto kubwa upande mmoja tu. Ncha za nyuma ni nyembamba, zinajikunja. Ukiona bawa limepinda, lishike limepindishwa kinyume, pitisha pasi tena, lipoe mkononi. Tofauti ya digrii mbili kati ya kushoto na kulia inatosha kuiangusha ikitua.

Tairi_Laini
Asanteni. Leo nimepita bwawani, nusu yake ni magugu. Naona kama Moth inarudi mbele, ila roho iko kwa namba 2. Balsa ya milimita 2 inatosha mbavu za Cruiser au niagize 3?

Kitovu
Milimita 2 kwa mbavu, 3 zile zinazoshika nguzo. Na mfuko bado hujasema.