SHA ikiwa hai, bima ya kibinafsi ya nini?

Swali: Wadau, nimejiajiri hapa Nairobi. Nikinunua bima ya kampuni, naweza kuacha SHA (bima ya afya ya serikali)?

Jibu 1: Usiache, ni lazima kisheria. Zaidi ya hayo, soma mkataba wako: bima nyingi huhesabu kwamba SHA inalipa kwanza fungu lake la bili ya kulazwa, kisha kampuni inamalizia. SHA ikiwa imelala kwa kutolipiwa, fungu hilo unalitoa mfukoni. Kwa aliyejiajiri, mchango wa SHA ni 2.75% ya mapato yaliyokadiriwa, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima kwa mpigo. Hapo ndipo wengi hukwama. Hakikisha kama SHA yako iko hai kupitia *147#.

Jibu 2: Nyongeza. Kampuni uliza muda wa kungoja, hasa uzazi na maradhi uliyokuwa nayo kabla. Ukificha kisukari kwenye fomu, dai linakataliwa. Upasuaji wa kupangwa unahitaji idhini mapema. Pesa ikibana, chukua ya kulazwa tu. Homa na kikohozi zahanati ya umma inatosha.

Mwuliza: Na wategemezi?

Jibu 1: Wasajili pande zote mbili. SHA haiwaoni walio kwenye kadi ya kampuni.