Naomba ushauri: Ziwa Ellis na kilima cha Mugi kwa siku moja, na binti wa miaka 14

Karani_wa_Ruiru
Wakuu, habari zenu. Miaka yote hapa mimi ni msomaji tu, leo nimebanwa. Tangu binti yangu aone picha za Ziwa Ellis kwenye simu ya shangazi yake, hanipi amani. Kuna kikundi kinakwenda Mlima Kenya kupitia Chogoria mwezi wa pili. Ratiba yao: kutoka Nairobi saa nane usiku, langoni saa moja na nusu asubuhi, kilima cha Mugi, ziwa, kurudi langoni saa kumi jioni, na usiku huohuo Nairobi. Wanasema ni rahisi kwa kila mtu.

Mimi nimepanda Ngong mara mbili na Longonot mara moja, nikashuka huku magoti yanalia. Mtoto anacheza voliboli shuleni, pumzi anayo. Lakini mama yake ameniuliza swali moja: "Na hewa ikimwishia huko juu?" Nikabaki natazama sufuria. Naombeni mnijibie.

Mama_Mianzi
Baba, huyo mtoto atakuacha nyuma, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Ila elewa kitu kimoja: kilele cha Longonot ni mita 2,776. Lango la Chogoria liko kama mita 2,950. Yaani unapoanza kufunga kamba za viatu tayari uko juu kuliko ulikowahi kufika, na ziwa liko karibu mita 3,500. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Mwendo uwe wa kuweza kupiga hadithi. Mkinyamaza wote wawili mjue mnakimbia. Akianza kutapika, au kupepesuka kama aliyetoka kilabuni, hapo hakuna kumpa dawa ya maumivu na kumwambia "karibu tunafika". Mnageuza na kushuka.

Na mwambie mama yake hivi: hamlali juu. Wengi huanza kuumwa wakilala huko.

Ukungu_Saa_Tano
Naongezea la hali ya hewa. Mwezi wa pili ni mzuri, kabla masika hayajaanza. Lakini Chogoria ni upande wa mashariki, ndiko mlima unakomwagiwa maji mengi. Alfajiri unaiona Batian, kilele cha juu kabisa cha mlima, imesimama wazi mpaka mipasuko ya mwamba unaihesabu. Ikifika saa nne, saa tano, ukungu unapanda kutoka bondeni na kufunga kila kitu. Kwa hiyo Mugi kwanza, ziwa baadaye. Ziwa hata kwenye ukungu linapendeza; kilima kwenye ukungu umepanda kutazama shati la mwenzako.

Msituni msimwachie mtoto atangulie. Nyati wapo na tembo wapo, na kwenye mianzi huoni hatua kumi mbele. Mkae karibu na mwongozaji.

Spana_Namba_13
Nyote mmejibu ya mlimani, mimi naona tatizo liko barabarani. Bosi, nani anaendesha? Nairobi hadi Chogoria ni takriban kilomita 200 kupitia Embu na Chuka. Dereva aliyeamka saa saba usiku, akashinda kutwa akisubiri au, mbaya zaidi, akapanda nanyi, ndiye atakayeteremka Daraja la Nithi gizani akirudi? Ile ajali ya basi ya Julai 2022 sote tunaikumbuka. Mimi hapo hupita mchana tu.

Isitoshe, kutoka mjini Chogoria hadi langoni ni barabara ya msitu, kama kilomita 30. Ikinyesha usiku, hata gari la magurudumu manne linaomba msaada. Kama una Probox iache mjini.

Mtu_wa_Moshi
Mkuu, niko Moshi, huo mlima wenu sijaupanda, ila viatu ni viatu. Usimnunulie mtoto viatu vya mtumba wiki hiyohiyo mkaenda navyo. Mimi nilipata vya ngozi, soli nene, vinang'aa kama vya jana. Njiani kuelekea Mandara, kambi ya kwanza ya Kilimanjaro, nikasikia mguu wa kulia unapiga makofi. Soli yote imebanduka kuanzia kidoleni, gundi imekuwa unga wa njano. Nikaifunga kwa kamba ya begi, baada ya nusu saa wa kushoto nao ukamfuata mwenzake. Mgumu wangu, yaani mpagazi, akanicheka mpaka akakaa chini. Kiatu kilichokaa ghalani miaka kinaoza ndani bila kuonyesha nje. Kikunje kwa nguvu, tembea nacho mwezi mzima kwanza.

Mama_Mianzi
@Mtu_wa_Moshi pole, ila nimecheka 😂. Kwa Chogoria hata gambuti zinafaa, nyasi za kule juu zina maji na matope. Jinzi aache nyumbani, ikilowa inakuwa barafu miguuni. Sweta, koti la mvua, chai kwenye chupa, chapati na mayai ya kuchemsha. Kiingilio mlipe mapema kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, langoni hawapokei pesa taslimu, na mtandao msituni ni wa kubahatisha. Beba nakala ya cheti chake cha kuzaliwa upate bei ya mtoto.

Karani_wa_Ruiru
Wakuu, asanteni sana. Nimewapigia kikundi nikauliza swali la Spana. Dereva ni mmoja, na ndiye kiongozi wa msafara. Nikamuuliza analala saa ngapi, akasema "nimezoea". Nimejitoa. Tunakwenda sisi wawili na shemeji yangu, Ijumaa tunalala Chogoria mjini, Jumamosi tunachukua gari la wenyeji na mwongozaji, tunalala tena, Jumapili mchana tunarudi. Gharama imepanda, lakini mama yake amesoma uzi wote na kukubali, sharti shemeji naye awe na simu yenye chaji.

Limebaki moja. Binti anavaa 37, gambuti nilizopata ni 38, na anasema rangi ya kijani hawezi kupigwa nayo picha.

Spana_Namba_13
Chukua 38, avae soksi mbili. Picha apigwe kuanzia magotini kwenda juu.