Protini ya kapsidi ya VVU inajijenga kuwa mirija, si koni

Mwanafunzi wa biokemia
Habari za kazi, wanajukwaa. Nina protini ya kapsidi (ganda linalofunika jeni za kirusi) ya VVU iliyotengenezwa na bakteria wa E. coli, imesafishwa, haina kipande kingine chochote cha kirusi. Nikiongeza chumvi ya kawaida hadi moli 1 kwa lita, pH ikiwa 8, mchanganyiko hufanya ukungu. Lakini kwenye hadubini ya elektroni ninaona mirija mirefu, ilhali kirusi halisi kina koni. Je, kuna kasoro?

Fundi wa protini
Mirija si kasoro, ndugu. Ukuta wake umeundwa kwa heksama, yaani vikundi vya protini sita sita, kama ulivyo ule wa koni. Hata hivyo, heksama pekee haziwezi kulifunga ganda: ili lizibe pande zote ni lazima ziwepo pentama 12, yaani vikundi vya protini tano tano, nazo koni huziweka 7 upande mpana na 5 upande mwembamba. Mrija ulio wazi ncha zake hauhitaji pentama hata moja. Chumvi nyingi hupunguza msukumano wa chaji zinazofanana, basi protini hukaribiana, lakini si chumvi itakayokuletea pentama.

Kapsidi
Naongezea kwa aliyetangulia: tumia IP6, molekuli ndogo ya inositoli yenye fosfati sita. Katikati ya kila heksama pana tundu lililozungukwa na arjinini sita (asidi amino, moja kwa kila protini) za nafasi ya 18, zote zenye chaji chanya, na IP6, ambayo fosfati zake zina chaji hasi, hukaa humo ikazituliza. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba inatosha kuleta koni katika pH inayokaribia 6, chumvi ikiwa kidogo tu. (Ndiyo molekuli ileile iliyojaa kwenye maharage, ingawa kirusi huipata ndani ya seli.)

Mwanafunzi wa biokemia
Ahsanteni sana. Je, nikiweka lenacapavir, dawa ya VVU inayolenga kapsidi, ujenzi utasimama?

Kapsidi
La, utaharakishwa. Dawa hiyo hujibana kati ya protini jirani ndani ya heksama na kuzishikiza kupita kiasi, na maganda yanayotokea huwa na maumbo yasiyofaa. Kwa hiyo usitegemee kipimo cha ukungu kwa mwanga wa nanomita 350 peke yake, kwani hakitofautishi koni na mrija. Kila mchanganyiko uupitishe kwenye hadubini.