Steringi siku hizi ni muuaji? Hizi muvi zinawadhulumu walionusurika

Wakuu, nina hasira na sizunguki.

Jumamosi nimelipia kujaziwa muvi za kutisha za Halloween zote kwenye flashi, kwa jamaa wa muvi za kutafsiriwa huku Mbagala. Nikakaa na mdogo wangu usiku kucha. Tumefika ile ya 1998, Laurie Strode, mwanamke aliyewindwa na muuaji wa maski Michael Myers tangu 1978, anashika shoka na kumkata kichwa. Dogo akaruka kwenye kochi. Nikakumbuka enzi za kibanda umiza Temeke, banda zima tulivyosimama.

Tukafungua ya 2002. Eti aliyekatwa kichwa siyo Myers! Ni mhudumu wa gari la wagonjwa aliyevalishwa maski, koo limepondwa asiweze kusema. Kwa hiyo Laurie kaua asiye na hatia, yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, na muvi haijachanganya hata kidogo Myers anamchoma kisu, anadondoka toka juu ya jengo. Kwisha habari yake. Mapambano yote yale yamefutwa ili muuaji apate toleo lingine.

Siyo huko tu. Muvi ya Friday the 13th ya 1980, dada Alice ndiye anayebaki hai, na muuaji, mama wa kijana aitwaye Jason, Alice kammaliza kwa mkono wake. Ya 1981 inaanza, anauawa jikoni kwake. Nancy wa muvi ya Elm Street alimshinda Freddy, muuaji wa ndotoni, 1984, wakamrudisha 1987 Freddy ajifanye baba yake ndipo amuue. Baba yake, jamani!

Na mtafsiri kwenye hizi nilizonunua, kila Myers akitokea na kisu, "steringi wetu huyo kaingia!" Steringi gani? Sisi tumekua tukijua steringi anapigwa, analia, anapoteza ndugu, lakini mwisho adui analipa. Dogo leo anamjua Myers kwa jina. Nimemuuliza jina la yule dada, kimya.

Msije kuniambia ni biashara. Najua 1982 walitoa Halloween isiyo na Myers, mashabiki wakaikataa, ndiyo maana 1988 wakamrudisha na jina lake likakaa kwenye kichwa cha muvi. Adui arudi, sina shida. Jigsaw, adui wa muvi za Saw, alikufa toleo la tatu, 2006, wakaacha kifo chake kibaki kifo. La kumi, 2023, wakalirudisha nyuma kwenye siku alizokuwa hai. Kumbe inawezekana bila kumkanyaga mtu!

Halloween wenyewe 2018 waliruka yote ya katikati wakaanzia 1978, na 2022 Myers kasagwa kwenye mashine ya vyuma chakavu, Laurie mzima. Miaka 44 kusubiri haki ya mwanamke mmoja.

Mwenye kujua mfululizo wa kutisha ambao aliyenusurika anaachwa aishi, aweke jina hapa. Dogo anasubiri, na flashi nimeshaifuta.