Hivi nani aliamua nesi wa diploma asisome udaktari? Tuambieni sababu

Wakuu, habari za majukumu. Niko Kigoma, ukanda wa ziwa, nesi wa diploma kwenye zahanati ya serikali. Leo nina hasira, anayetaka lugha laini apite tu.

Chukua vijana wawili waliomaliza fom foo shule moja, mwaka mmoja. Wote wamefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mmoja anaenda kusoma utabibu (clinical officer, siyo daktari) miaka 3, mwenzake uuguzi na ukunga miaka 3. Wote wanatoka na diploma ya ngazi ile ile, NTA 6. Anatomia wamesoma wote, fiziolojia wote, famakolojia wote. Sasa fungua mwongozo wa udahili wa vyuo vikuu, nenda kwenye MD, yaani digrii ya udaktari. Tabibu mwenye GPA ya 3.0, akiwa na D zake za fom foo kwenye masomo yanayotakiwa, karibu sana. Nesi hata awe na 4.8, hayumo. Angewekewa alama za juu zaidi ningeelewa. Angewekewa mtihani wa mchujo ningeelewa. Hayumo kabisa!

Niliomba chuo kimoja hivyo hivyo, nikakataliwa. Nikapiga simu udahili. Kijana aliyepokea akaniambia, "Dada, wewe si nesi? Omba digrii ya uuguzi." Nikamjibu digrii ya uuguzi naiheshimu ila siitaki, nataka MD. Akakata.

Haya, njooni huku muone nani anafanya kazi ya daktari. Tabibu wetu akiwa likizo, au kaitwa semina Kasulu, ninabaki mimi na mhudumu wa afya. Mama analetwa usiku kwa mtumbwi, kajifungulia nyumbani, damu haikati. Nani anaweka dripu, anachoma oksitosini, anatoa kondo la nyuma kwa mkono? Mwingine presha iko juu, ameshaanza degedege, nani anampa magneziamu? Na ziwa likichafuka hakuna boti ya kumkimbiza mjini, unakaa naye mpaka kuche. Saa hizo hakuna anayeuliza sifa zangu za kujiunga. Asubuhi wakubwa wanapiga simu, "hongera sister, umetuokoa." Hongera hizo zingekuwa zinajazwa kwenye fomu ya maombi ningeshakuwa bingwa.

Na mkoa huu huu ndiko manesi walipelekwa kozi fupi ya dawa ya usingizi ili vituo vya afya vya vijijini viweze kufanya upasuaji wa uzazi. Nesi aliaminiwa kumlaza mama usingizi na kumwamsha salama. Ila kukaa darasa moja na wanaojifunza kushika kisu, hapo ghafla anaambiwa hana msingi wa sayansi.

Mtasema njia zipo. Zipo, ngoja niwaeleze zilivyo.

Ya kwanza ni kurudi kufanya fom siksi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kama mtahiniwa wa kujitegemea. Jaribu ukiwa na zamu za usiku, na kituo cha kufanyia mitihani ya vitendo ya Kemia na Fizikia ukitafute mjini. Mtu anakariri mambo ya projekitailo, ile mada ya Fizikia ya vitu vinavyorushwa, kwenye benchi la wodi ya wazazi huku anasikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Wapo waliofaulu hivyo, nawavulia kofia.

Ya pili ni kuanza diploma ya utabibu kuanzia mwaka wa kwanza. Rafiki yangu wa Tabora kafanya hivyo, mkunga wa siku nyingi. Hawakumpunguzia hata semista moja. Kakaa na watoto waliotoka fom foo juzi, anafundishwa kunawa mikono na kupima joto la mwili. Walipopelekwa wodini kwa mafunzo, wanafunzi wa uuguzi aliowahi kuwaelekeza mwenyewe walidhani kaja kuwakagua, wakaanza kupanga trei. Tulicheka sana aliponisimulia, ila piga hesabu: 3 za uuguzi, 3 za utabibu, 5 za MD, 1 ya utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini baada ya digrii. Miaka 12! Na nchi inalia haina madaktari.

Pesa sasa. Mkopo wa elimu ya juu, masharti yanasema mwombaji asizidi miaka 35 na asiwe na ajira rasmi. Kwa hiyo nesi aliyeajiriwa akihudumia wananchi, adhabu yake ni kukosa mkopo. Mshahara wenyewe mnaujua, na ada za MD vyuo binafsi mnazijua, sina haja ya kuziandika.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalisemi. Jamaa mmoja, nesi mwenzetu, kapita yote hayo, kamaliza MD, kamaliza utarajali, leseni ya udaktari anayo mkononi. Karudi kwa mwajiri wake. Anaona wagonjwa, anafanya upasuaji, yuko kwenye ratiba ya zamu ya madaktari. Mshahara? Wa nesi. Eti anasubiri kibali cha kubadilishiwa kada, mara ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa, haijakaa sawa, mara bajeti ya mwaka ujao, mara barua yake haionekani. Barua gani kila siku hazionekani jamani, zinaliwa na nani?

Msije hapa na ile hoja kwamba manesi wote wakikimbilia udaktari wodi zitabaki tupu. Mbona matabibu wanaenda MD kila mwaka na zahanati hazijafungwa? Na wale wa "kubalini kazi yenu", kasomeni habari za Cicely Saunders wa Uingereza. Alianza kama nesi, akaumwa mgongo, akawa ofisa ustawi hospitalini. Daktari bingwa wa upasuaji akamshauri asome udaktari, maana akibaki alivyo wakubwa hawatamsikiliza kuhusu wagonjwa wanaokufa kwa maumivu. Akahitimu mwaka 1957 akikaribia miaka 40, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's kule London, nyumba ya kuhudumia wagonjwa wanaokaribia kufa. Huduma ya tiba shufaa, ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyepona, mnayoiona leo duniani, mkono wake umo. Angezaliwa Uvinza angeambiwa, "Dada, omba digrii ya uuguzi."

Ninachodai ni kidogo. Wekeni mwaka mmoja wa masomo ya msingi, Fizikia, Kemia na Baiolojia, mwishoni mtihani mgumu mnavyotaka. Atakayefeli arudi wodini kimya kimya. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wanajengewa kampasi hapa hapa Kigoma kwa mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, HEET, jambo zuri sana, sasa ikawe majengo ya kutuonyesha kwa mbali tukipita na daladala?

Kama humu kuna aliyekaa kwenye kikao kilichopanga sifa za MD, aandike hapa kwa nini tabibu ndiyo na nesi hapana. Sababu, siyo kejeli. Na ambaye alishabadilishiwa kada bila kumpa mtu chochote, aseme ilimchukua muda gani na barua aliipeleka mlango upi.