Naomba ushauri: mimi ni mzee wa kanisa na nanunua lumbesa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naishi Njombe, nanunua viazi mviringo shambani na kupeleka Dar es Salaam. Huku tunanunua kwa gunia, na gunia lenyewe ni lumbesa: likishajaa linashonewa kilemba cha kamba juu, linapita kilo 120 wakati sheria inataka lisizidi 100. Mkulima analipwa gunia moja. Mjini nauza kwa kilo.

Jumapili nilisoma somo kanisani, Mithali 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Kuinua macho, nikamwona mama mmoja mjane. Alhamisi iliyotangulia nilikuwa nimesimama nikimwangalia anajaza kile kilemba kwa mikono yake, viazi vya mwisho alivyokuwa navyo. Na pale kanisani akaitikia "Amina". Tangu hapo usingizi sina.

Nikianza kupima peke yangu, wenzangu watanishinda bei mjini, na mkopo bado miezi 7. Niache mara moja au nimalize deni kwanza? Na niliowapunja miaka yote hii nawarudishiaje? Zakayo wa kwenye Biblia aliahidi kurudisha mara nne, mimi hata hesabu sina. Aliyewahi kuifanya biashara hii anisaidie, tafadhali.