Nairobi–New York: ni kilomita ngapi, na saa ngapi hewani?

mgeni_wa_anga
Wakuu, natafuta umbali wa JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) hadi JFK (wa New York). Tovuti moja inasema 11,837, nyingine 7,355, ya tatu 6,391. Hii ya mwisho nikizidisha kwa 1.609 napata kilomita 10,283. Nishike ipi? Halafu tiketi ya Januari inasema kuondoka 23:25, kufika 06:25. Saa saba tu kweli?

Dira
Zote sahihi mkuu, vipimo ndivyo tofauti: kilomita, maili za nchi kavu, na maili za baharini wanazotumia marubani. Maili ya baharini ni kilomita 1.852, si 1.609. Hapo ndipo kilomita 1,500 na ushee zilipokuponyoka.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, bandika hii kwenye Excel:

=ACOS(SIN(RADIANS(-1.319))*SIN(RADIANS(40.640))+COS(RADIANS(-1.319))*COS(RADIANS(40.640))*COS(RADIANS(-73.779-36.926)))*6371

Hizo ni latitudo na longitudo za viwanja; kusini na magharibi ni hasi. Ukisahau alama ya kutoa kwenye 73.779, fomula inakutua Kirigizistani na jibu linashuka chini ya km 6,000, hilo utalishtukia. Ukiisahau kwenye 1.319 ya JKIA, unapungukiwa kama km 200 tu, na hakuna atakayegundua.

Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Mstari ulionyooka pale ni mrefu kwa takriban km 350, kwa sababu dunia ni mviringo. Njia fupi inapinda kaskazini: Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Moroko, ndipo Atlantiki.

Kaskazi
Kuhusu saa: 06:25 ni saa za New York. Januari wako nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo safari ni saa 15. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi ya kwanza ya Novemba tofauti inakuwa 7, maana wao husogeza saa mbele, Kenya haisogezi. Na hiyo 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Kuna watu husoma "saa sita" wakamwambia ndugu aje kuwapokea mchana!

mgeni_wa_anga
Asanteni. Lakini 11,837 kugawa kwa mwendo wa ndege, 900 km/h, ni kama saa 13. Saa mbili zimeenda wapi?

Kaskazi
Upepo kwanza. Juu ya Atlantiki, kwenye mwinuko wa ndege, unavuma kutoka magharibi, na hukaza zaidi majira ya baridi. Chukua wastani wa 50 km/h usoni: mwendo juu ya ardhi unabaki 850.

Pili, hakuna ndege inayofuata mstari wa fomula. Mstari huo unakata kona ya Darfur, na anga la Sudan lilifungwa kwa ndege za abiria vita vilipoanza Aprili 2023. Ongeza asilimia 3 ya kuzunguka: km 12,190 kwa 850 ni saa 14 na dakika 20.

Tatu, muda wa tiketi ni wa kutoka langoni hadi langoni. Kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka, weka nusu saa. Jumla ni saa 14 na dakika 50. Kurudi Nairobi upepo uko mgongoni, kwa hiyo tumia 950, usigawe kwa namba ileile.